Mchezo wa video kama zoezi la lugha

Katika vibanda vya michezo ya video vya Makiso na Mangobo, vijana hulipa faranga kidogo, hushika maneti na kucheza mpira. Wazazi wengi huona uvivu. Mimi, mwanafunzi wa Kiingereza, naona pia zoezi ambalo darasani ni adimu: kusikia lugha ikisemwa haraka na kulazimika kuielewa papo hapo.

Vifaa vya lazima ni vichache. Konsoli ndiyo mashine inayoendesha mchezo. Maneti hupeleka amri za vidole. Televisheni huonyesha picha. Diski huhifadhi mchezo. Hapa Kisangani ongeza kifaa cha kusawazisha umeme, kwa maana umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huweza kuunguza konsoli.

Faida zipo. Mwaka 2003, katika jarida la Nature, C. Shawn Green na Daphne Bavelier walionyesha kwamba wachezaji wa michezo ya mapambano hutambua vitu vingi kwa mara moja kuliko wasiocheza. Lakini hiyo ni faida ya macho na umakini. Msamiati hauji wenyewe. Ikiwa diski ina lugha kadhaa, ingia kwenye mipangilio, uache Kifaransa, uchague Kiingereza. Sikiliza mtangazaji, andika maneno matano, uyatafute katika kamusi jioni. Michezo ya hadithi hufaa zaidi, kwani usipoelewa agizo huvuki hatua. Asiyesoma maandishi ya kwenye skrini atajifunza kubonyeza tu.