Bolti ya Eugenio Monti

Watoto wa Rasbura, leo sungura na fisi wapumzike. Nataka kuwasimulia habari za watu walioishi kweli, walioshindana kuteremka mlimani juu ya barafu kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa. Katikati ya habari hizo ipo bolti moja ya chuma. Mkiyasahau majina ya miji, si neno. Bolti msiisahau.

Barafu mnaijua. Kila aliyewahi kutumwa kununua samaki ameiona ikipondwa na kumwagwa juu ya changu na jodari. Nchi yetu ina barafu yake pia, juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ingawa imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka. Lakini ziko nchi ambako maji hugeuka barafu yenyewe barabarani, uani, hata juu ya mapaa ya nyumba, na hukaa hivyo kwa miezi. Mwezi wa Januari, sisi huku tukitafuta kivuli kwa joto la kaskazi, milima ya Uswisi, Austria na Italia ya kaskazini inakuwa myeupe pepepe. Watu wa huko hawakukubali kujifungia ndani kwa sababu ya baridi. Walibuni michezo, na mmoja wao ndio huu ninaotaka kuwaeleza: bobuslei.

Ulianzia katika mji wa St. Moritz, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 19. Palikuwa na mwenye hoteli aliyeitwa Caspar Badrutt, na wageni wake wengi walikuwa Waingereza waliokuja kupumzika wakati wa baridi. Wageni wale walizichukua sleji za kubebea mizigo, zile zinazoburutwa juu ya theluji badala ya kwenda kwa magurudumu, wakaziunganisha mbilimbili, wakazitia usukani, wakaanza kuteremka nazo katika mitaa ya mji. Wenyeji waliokuwa wakipita kwa miguu walikuwa wakiruka huku na huku kujiokoa. Malalamiko yakawa mengi, na mwishowe ikabidi wachezaji watengewe njia yao. Chama cha kwanza cha mchezo huo kiliundwa hapo hapo St. Moritz mwaka 1897, na njia maalumu ikafunguliwa mwaka 1904. Njia hiyo bado ipo. Kila msimu wa baridi hujengwa upya, kwa theluji na maji tu, na majira ya joto yakifika huyeyuka yote.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ufundi. Nani kati yenu hajawahi kukalia karara la mnazi na kuteremka nalo kwenye kilima cha mchanga? Sleji ya bobuslei hufuata kanuni ile ile: haina injini, haina kanyagio, inavutwa na uzito wake kwenda chini. Ila karara likiwachoka linasimama. Sleji ya chuma juu ya barafu haisimami mpaka isimamishwe.

Chini yake ina vyuma vinne vya kutelezea, viwili mbele na viwili nyuma, vilivyoshikwa kwenye ekseli kwa bolti. Vya mbele hugeuka, na dereva huviongoza kwa usukani au kwa kamba. Mtu wa mwisho nyuma ndiye mwenye breki. Timu huwa ya watu wawili au wanne. Huanza kwa kuisukuma sleji kwa nguvu zao zote, wakikimbia nayo juu ya barafu kwa viatu vyenye meno, kisha huruka ndani mmoja baada ya mwingine. Akikosea mmoja hatua, mbio zimeharibika kabla hazijaanza. Njia yenyewe huwa kama kilomita moja na nusu, yenye kona nyingi zilizojengwa kwa kuta za barafu. Sleji ikifika konani hupanda ukutani. Dereva akipanda juu mno, itapinduka. Akibaki chini mno, atapoteza mwendo. Uamuzi huo anaufanya kona baada ya kona, huku mwili ukigandamizwa kitini na kichwa kikitikisika hata macho hayaoni sawasawa.

Je, mzito na mwepesi nani atafika mapema? Mwalimu wenu wa fizikia atawaambia kwamba vitu vyote vingeanguka sawa kama kusingekuwa na hewa. Lakini hewa ipo, na humzuia mwepesi zaidi kuliko mzito. Wajerumani waliijua siri hiyo. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Oslo, dereva wao Andreas Ostler alikusanya timu ya wanaume wanne wanene hasa, yeye akiwamo, ambao kwa pamoja walikuwa na takribani kilo 470, wakachukua dhahabu. Tangu hapo kanuni ikaweka kikomo cha uzito, na wachezaji wakaanza kutafutwa kwa kasi ya miguu badala ya ukubwa wa tumbo.

Na mchezo huu ulikuwa na hatari ya kweli. Sikusudii kuwatisha, lakini nisipowaambia nitakuwa nimewadanganya. Kofia za enzi hizo zilikuwa dhaifu, na barafu ilikuwa ya asili, yenye mashimo na mabonde yaliyobadilika jua likitoka. Njia ya kwanza kugandishwa kwa mitambo ilijengwa Königssee, Ujerumani Magharibi, mwaka 1969. Kabla ya hapo kila kitu kilitegemea hali ya hewa ya usiku uliopita.

Mtu ninayetaka mmjue ni Eugenio Monti, Mwitaliano, aliyezaliwa mwaka 1928 katika mji wa milimani uitwao Toblach. Nywele zake zilikuwa nyekundu, na Waitaliano wakampa jina la Mwekundu Arukaye. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa mbio za ski, za kuteleza ukiwa umesimama juu ya mbao mbili nyembamba, na alikuwa hodari. Mwaka 1951 akaanguka, kano za magoti zikakatika, ndoto ikaishia hapo. Akahamia kwenye bobuslei, ambako mtu hushinda akiwa amekaa.

Alikuwa dereva mkubwa kuliko wote wa zama zake. Alichukua ubingwa wa dunia mara tisa. Lakini kila alipokwenda Olimpiki dhahabu ilimkimbia. Mwaka 1956, Cortina d'Ampezzo, nyumbani kwao Italia, alipata fedha mbili: moja katika mbio za wawili, moja katika mbio za wanne. Mwaka 1960 michezo ilifanyika Squaw Valley, Marekani, na waandaaji wakakataa kujenga njia ya bobuslei kwa sababu nchi zilizotaka kushiriki zilikuwa chache. Fikirieni: bingwa wa dunia yuko katika ubora wake, na mchezo wenyewe haupo! Ikabidi asubiri miaka minne mingine.

Tukafika mwaka 1964. Wakubwa wenu watawaambia mwaka huo huku kwetu ulikuwaje. Januari 12 palikuwa na Mapinduzi Zanzibar, na Aprili 26 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kati ya tarehe hizo mbili, tangu Januari 29 hadi Februari 9, Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa ikiendelea Innsbruck, Austria. Na ajabu ya mwaka huo, theluji ilikataa kuanguka. Wanajeshi wa Austria walichimba theluji milimani na kuisomba kwenye njia za mashindano. Kwa ajili ya njia za sleji pekee walishusha matofali 20,000 ya barafu. Hata wenye baridi yao, basi, wanaweza kupungukiwa.

Monti alikuwa na miaka 36. Wapinzani wake katika mbio za wawili walikuwa Waingereza, Tony Nash na Robin Dixon, watu kutoka nchi isiyokuwa na njia ya bobuslei hata moja. Mbio zilikuwa za kuteremka mara nne, na muda wa zote ulijumlishwa. Nash na Dixon waliteremka mara ya kwanza vizuri sana. Walipoikagua sleji yao wakakuta bolti ya ekseli ya nyuma imekatika. Hawakuwa na ya akiba, na bila bolti hiyo ekseli haishiki. Miaka ya kujiandaa ilikuwa imefika mwisho kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Habari zikamfikia Monti. Akasema bolti itolewe kwenye sleji yake, wapewe Waingereza. Ikafungwa. Wakateremka tena.

Baada ya mbio zote nne, muda wa Nash na Dixon ulikuwa dakika 4 na sekunde 21.90. Wa pili walikuwa Waitaliano wengine, Sergio Zardini na Romano Bonagura, kwa sekunde 22.02 juu ya dakika zile zile nne. Tofauti yao ni sehemu 12 za sekunde iliyogawanywa mara mia. Kupepesa jicho huchukua muda kama huo au zaidi. Monti mwenyewe alikuwa wa tatu. Waingereza dhahabu, mwenye bolti shaba.

Magazeti ya kwao yalimlaumu kwamba ameigawa medali ya taifa. Jibu lake lilikuwa fupi: Nash hakushinda kwa sababu ya bolti, alishinda kwa sababu alikuwa na kasi zaidi.

Siku chache baadaye jambo kama hilo likatokea tena. Katika mbio za wanne, timu ya Canada, iliyoongozwa na Vic Emery akiwa na ndugu yake John, ilianza kwa kasi iliyowashangaza wote, kisha ekseli yao ikapata hitilafu. Monti na mafundi wake wakaenda kusaidia kuitengeneza. Wakanada wakachukua dhahabu. Monti shaba tena. Wakanada wale, nao, nchi yao haikuwa na njia ya bobuslei. Walikuwa wakijizoeza kuruka ndani ya sleji kwenye ukumbi wa mazoezi mjini Montreal, bila barafu. Nalitaja hili makusudi, maana najua kuna mtoto hapa anayejiambia kwamba mambo haya ni ya watu wenye theluji. Mwaka 2018 wanawake watatu, Seun Adigun, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, waliiwakilisha Nigeria katika bobuslei kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini. Adigun alianza kwa kujitengenezea sleji ya mbao ya kufanyia mazoezi, katika joto la Texas.

Turudi kwa Monti, maana swali la kwa nini aliwasaidia wapinzani wake halijajibiwa. Wako wanaosema alikuwa mpole tu. Mimi siamini hivyo. Mtu mpole hachukui ubingwa wa dunia mara tisa, na tamaa yake ya dhahabu ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote pale Innsbruck. Naamini alitaka kujua jambo moja: mimi na Nash, nani mwenye kasi? Nash akiondolewa na bolti iliyokatika, Monti asingelijua kamwe jibu hilo, hata angepewa dhahabu kumi. Kwa hiyo kumpa mpinzani bolti na kutaka kumshinda mpinzani, kwake, lilikuwa jambo moja. Alimtaka Nash awepo, mzima, sleji yake ikiwa imara, ndipo amshinde.

Moyo kama huo ulimkuta hata jirani yetu. Mwaka 1998, Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya, mwanariadha wa Eldoret aliyeanza kujifunza ski mwaka 1996 nchini Finland, alishiriki mbio za ski za kilomita 10. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Boit alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma yake. Dæhlie alikataa kwenda kuvishwa medali. Alisimama pale pale kwenye mstari, katika baridi, akimsubiri, na Boit alipofika akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Monti naye alipewa nishani ya Pierre de Coubertin, inayotolewa kwa uungwana michezoni, na alikuwa wa kwanza kuipata. Lakini dhahabu ya Olimpiki bado hakuwa nayo, na miaka ilikuwa ikienda. Mwaka 1966 Zardini, yule Mwitaliano wa fedha, alikufa katika ajali ya bobuslei huko Lake Placid, Marekani. Monti aliendelea.

Mwaka 1968 michezo ilikuwa Grenoble, Ufaransa, na njia ya bobuslei ilijengwa Alpe d'Huez, mahali penye jua kali hata barafu ikawa inayeyuka mchana, na mbio zikabidi zifanywe alfajiri. Monti alikuwa na miaka 40. Katika mbio za wawili, akiwa na Luciano De Paolis, aliteremka mara nne, na jumla ikawa dakika 4 na sekunde 41.54. Wajerumani Horst Floth na Pepi Bader nao jumla yao ikawa dakika 4 na sekunde 41.54. Sawasawa kabisa! Kanuni ikasema dhahabu iende kwa aliyeteremka kwa kasi zaidi katika mteremko mmoja. Mteremko huo ulikuwa wa Monti. Kisha akashinda na mbio za wanne.

Akaacha mashindano mwaka huo huo. Alifariki mwaka 2003, na njia ya bobuslei ya Cortina, mji alikopata zile fedha mbili za 1956, imepewa jina lake.