Anayetaka kuacha pombe Mpanda aanzie wapi?

Ukitaka kunywa mjini Mpanda, mkoani Katavi, hutahangaika. Baa zipo, vilabu vya pombe ya kienyeji vipo, na gongo inapatikana kwa kuulizia tu, ingawa Sheria ya Moshi (ndiyo gongo hiyo hiyo) ya mwaka 1966 inakataza kuipika au kuiuza bila leseni. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, chupa ndogo zikashika nafasi hiyo. Fedha za tumbaku zikishaingia, wapo wanaomaliza jasho la msimu mzima kabla sare za watoto hazijanunuliwa.

Ukitaka kuacha, ndipo unapobaki peke yako. Utaambiwa, "Ni kuamua tu, baba fulani." Anayesema hivyo hana nia mbaya, lakini hajui anachokisema. Mtu aliyezoea kunywa kila siku, asubuhi mpaka usiku, akikata ghafla mikono hutetemeka, jasho humtoka na usingizi humpaa. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo. Ndugu wakidhani karogwa, watampeleka kwa mganga, na huko anaweza kufa. Huo ni ugonjwa unaotibika, kwa dawa za kutuliza za siku chache na vitamini B1, chini ya uangalizi. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, au kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie mhudumu ukweli wote: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ulikunywa lini.

Kazi ngumu zaidi huja baada ya hapo. Mwili umetulia, mtu karudi mtaani, na jioni rafiki anamwita kwa wema kabisa waende wakapate moja tu. Hapo dawa haisaidii sana. Anahitajika mtu aliyewahi kuitwa vivyo hivyo akakataa.

Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, aliligundua hilo mwaka 1935. Akiwa safarini Akron, jimbo la Ohio, biashara yake iliharibika na kiu ikamrudia. Alimpigia simu mchungaji kuomba aelekezwe kwa mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari Bob Smith, na kutoka kwa wawili hao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, AA. Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Ada hakuna, jina la ukoo halitajwi, na yanayosemwa ndani hayatoki nje. Mmoja anasimulia pombe ilimfikisha wapi na leo anaishije, wengine wanasikiliza bila kumkatiza, kisha anafuata mwingine. Mgeni anapata mwenzake mkongwe wa kumpigia simu kiu ikimzidi. Mwaka 1951 wake na ndugu wa walevi nao wakaanzisha chama chao, Al-Anon, maana mlevi mmoja huumiza nyumba nzima.

Hapa nchini mikutano ya AA hufanyika Dar es Salaam na Arusha. Kwa mkazi wa Katavi, treni ya kupitia Kaliua na Tabora si safari ya kila wiki. Mwenye simu janja anaweza kujiunga na mikutano ya mtandaoni, lakini mingi ni ya Kiingereza, na mtu huyu anahitaji kuzungumza na jirani yake.

Jirani huyo anaweza kufundishwa kuongoza. Kule Eldoret, Kenya, watu wa kawaida wasio madaktari walipewa mafunzo ya kuendesha vikundi kwa Kiswahili kwa wanywaji wanaoishi na VVU: vikao sita, mara moja kwa wiki, wanawake kwao na wanaume kwao. Utafiti wa watu 614, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa waliokaa katika vikundi hivyo walipunguza pombe kuliko waliopewa elimu ya afya peke yake.

Na Mpanda kukutana kwa vikundi si jambo geni. Jumuiya ndogo ndogo za Jimbo Katoliki la Mpanda husali nyumba kwa nyumba, akina mama wana VICOBA, wanaoishi na VVU wana vikundi vyao. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaokutana kwa nia ya kuacha tayari ni kikundi. Kinachotakiwa ni chumba na saa maalumu. Ningependekeza saa kumi na moja jioni, muda ambao kilabu huanza kuita. Na kiwe mbali na ofisi ya kata, bila kamera wala mgeni rasmi, kwa sababu mji huu watu wanajuana, na mwanamke anayekunywa kwa kificho hatakanyaga mahali atakapoonwa na shemeji zake.

Viongozi wa dini na walimu wakuu, toeni chumba kimoja kwa saa moja kila wiki. Wauguzi wa afya ya akili na maofisa ustawi wa jamii, wakutanisheni wagonjwa wenu walioacha, kwa ridhaa yao. Nawe unayetaka kuacha, anzia hospitali. Kisha mtafute mtu mmoja unayemfahamu aliyekuwa mnywaji akaacha, umwombe mkae mzungumze wiki hii.