Vinundu vya Tishu Vinatoka Wapi?

Ukiingia supamaketi yoyote hapa Kensington, Johannesburg, rafu ya tishu na taulo za karatasi inakuchanganya. Hizi zina maua, zile zina vishimo kama sega la nyuki, na bei hazikaribiani. Mimi ni muuguzi, mikono nanawa na kukausha mchana kutwa, hivyo nimetaka kujua kama vinundu vile vina kazi au ni mapambo tu. Jibu: inategemea viliwekwa lini.

Karatasi yoyote huanza kama rojo la nyuzi za mbao, na zaidi ya asilimia 99 ya rojo hilo ni maji. Humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbio, maji yanachujika, nyuzi zinabaki zimetandaa. Katika njia ya kawaida, utando huo hukamuliwa kwa roli, hubandikwa kwenye silinda kubwa ya chuma yenye mvuke ndani, kisha hubanduliwa kwa wembe mrefu. Maua hugandamizwa baadaye, karatasi ikishakauka.

Njia ya pili haikamui. Utando ungali mbichi, huwekwa juu ya kitambaa maalumu kilichofumwa kwa nyuzi ngumu za plastiki, chenye vilima na mabonde. Hewa huuvuta uingie mabondeni, kisha hewa ya moto hupenya katikati yake mpaka ukauke papo hapo. Fikiria kitumbua: umbo lake hulipata kwenye chuma kikiwa bado uji. Ukibadilisha ufumaji wa kitambaa, umebadilisha tishu. Hataza ya njia hii walipewa Lawrence Sanford na James Sisson wa Procter & Gamble, Marekani, mwaka 1967. Miaka ya 1990 Kimberly-Clark, ambao hata huku kwetu wamekuwa na kiwanda Springs, mashariki mwa Johannesburg, walitengeneza aina isiyohitaji hata wembe.

Tofauti utaiona kwenye maji. Nyuzi hushikana zinapokauka, na umbo zilizokaukia ndilo wanalolikumbuka, kama nywele zilizosukwa zikiwa mbichi. Kwa hiyo maua yaliyogandamizwa juu ya karatasi kavu hulegea yakilowa, lakini vinundu vya kitambaa hubaki, na nafasi kati ya nyuzi huendelea kunywa maji. Pakiti mara nyingi haisemi. Lowesha kipande kimoja, ukitazame.

Gharama ipo. Maji ambayo roli ingeyakamua kwa urahisi hapa lazima yafukuzwe kwa moto, na moto ni pesa. Tena hewa hupita vizuri zaidi kwenye nyuzi mpya kuliko zile fupi za karatasi chakavu, ambazo Chandaria Industries ya Nairobi huzigeuza kuwa tishu. Kwa chooni, mimi nanunua za karatasi chakavu bila kusita. Pesa ya ziada naiweka kwenye taulo za mikono, maana mkono wenye majimaji huhamisha vijidudu kirahisi kuliko mkavu. Mtoto mwenye ngozi iliyopasuka usimsugue. Bonyeza taratibu, vinundu vitanyonya vyenyewe.

Na taulo la jikoni msilitupe chooni, jamani. Limetiwa gundi ya kulizuia lisichanike likilowa, na ndani ya bomba litakaa hivyo hivyo mpaka fundi aje.