Sauti Isiyosikika

Mbwa husikia mlio ambao mtu hausikii. Simu ya mfukoni nayo ni hivyo hivyo, na ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza wenzangu pamoja na ndugu zetu waliokwisha kuondoka shuleni.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa makamo, alileta spika ndogo akawa anapandisha mlio kidogo kidogo. Ulipofika mitetemo 15,000 kwa sekunde yeye hakusikia kitu tena, nasi tulikuwa tumeziba masikio! Ulipopita 18,000 hata sisi tukanyamaza. Hapo akaweka simu yake mbele ya spika, nayo ikauchora mlio ule katika kioo chake waziwazi.

Basi wafanya biashara waliiona nafasi hiyo. Kampuni ya SilverPush, iliyoanzia India, ilibuni milio ya namna hii ili itiwe ndani ya matangazo ya televisheni. Mtu alitazama tangazo. Simu iliyokuwa mezani, ikiwa ilikuwa na programu yenye sikio hilo, iliudaka mlio na kupeleka habari kwa intaneti kwamba mwenye simu hii ametazama tangazo hili. Programu yenyewe iliweza kuwa mchezo tu, tena wakati ule haikuwa lazima iwe imefunguliwa. Haikutafuta maneno yetu, ilitafuta mlio. Lakini ili kuupata, ilikuwa lazima sikio liwe wazi.

Machi 2016 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliwapelekea watengenezaji 12 wa programu barua za onyo. Mwaka 2017 wataalamu wa Braunschweig, Ujerumani, walieleza kwamba wamekuta programu 234 za Android zenye sikio hilo. Katika televisheni walizopima hawakukuta mlio, ila katika maduka 35 ya miji miwili ya Ulaya, 4 yalikuwa nao.

Likizoni niliifungua simu ya kaka yangu, nikakuta programu ya tochi imepewa ruhusa ya kipaza sauti. Tochi yataka sikio la nini? Nikamwomba aiondoe ruhusa hiyo. Akacheka, akasema yeye hana siri.

Jioni ile alitaka kuzungumza na mjomba habari za mahari. Wakatoka nje wakakaa chini ya mwembe, tusiwasikie. Simu alikuwa nayo mfukoni.