Shule ya Kijiji Ina Wenyewe

Wazazi wengi hudhani ya kuwa shule ya msingi ya kijiji ni mali ya mwalimu mkuu. Sivyo. Hapa Tanzania shule ya serikali ina Kamati ya Shule, na humo wamo wazazi waliochaguliwa na wenzao. Mwalimu mkuu ni katibu wao.

Na fedha je? Mishahara ya walimu yatoka serikalini. Tena tangu mwaka 2016 ruzuku hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka: 6,000 za shule, na 4,000 za kununulia vitabu.

Haya, tupige hesabu. Shule ya watoto 300 yapata 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Mlango ukivunjika, chaki yapungua. Ndiyo maana uji wa watoto hutegemea mapatano ya wazazi. Lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, serikali imekataza.

Basi, wazazi wapenzi, mkiitwa mkutanoni nendeni. Ulizeni: Zimeingia shilingi ngapi? Zimefanya kazi gani? Watoto wa darasa la tatu wajua kusoma? Asiyehudhuria mkutano asimlaumu mwalimu siku ya matokeo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba walezi wa kwanza wa mtoto ni wazazi. Ulezi huo hauishii mlangoni pa shule.