Mgeni Kanisani: Jumapili Hukaribisha, Jumuiya Hupokea

Mwanza ni mji wa wahamiaji. Kila mwaka huja wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, watumishi waliohamishwa kikazi, wafanyabiashara wa samaki na vijana wanaotafuta riziki mialoni. Mkristo akishapata chumba, swali hufuata: nisali wapi, na nitapokelewaje? Wengi huhudhuria ibada mbili tatu, wasizoeane na mtu, kisha wakasema kanisa lile ni baridi. Mara nyingi kanisa si baridi. Mgeni ameishia Jumapili, na kwetu huku mgeni hupokelewa hasa katikati ya wiki.

Tuanze na uchaguzi wa kanisa, maana nao una historia. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walitua Kageye, upande wa kusini wa Ziwa Victoria, katika safari iliyotoka Bagamoyo mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ilikuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS hadi mwaka 1909 walipoikabidhi kwa Africa Inland Mission. Huko ndiko lilikochipukia kanisa tunaloliita leo AICT (Africa Inland Church Tanzania), na ndiyo sababu vijijini Usukumani ni rahisi kulikuta. Mwaka 1963 Waanglikana walipata Dayosisi ya Victoria Nyanza yenye makao Mwanza, na mwaka huohuo makanisa saba ya Kilutheri nchini yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Wasabato wako wengi pia, nao husali Jumamosi. Kwa hiyo uliza jirani kabla ya kutoka: siku gani, saa ngapi, na ibada ipi ni ya Kiswahili, kwa kuwa nje ya mji unaweza kukuta mahubiri yakiingia na kutoka kwenye Kisukuma.

Ukishafika, kaa unapoelekezwa. Baadhi ya makanisa ya vijijini bado yana upande wa wanaume na wa wanawake. Kwa Wakatoliki utaitikia "Tumsifu Yesu Kristo" kwa "Milele, amina". Kwa Waprotestanti wengi "Bwana Yesu asifiwe" hujibiwa "Amina". Komunyo kwa Wakatoliki ni ya Mkatoliki aliyejiandaa, na asiyepokea hubaki kwenye benchi bila kushangaza mtu. Sadaka hupelekwa mbele kwa mstari, wimbo ukiendelea. Kama huna cha kutoa, hakuna anayehesabu mkono wako.

Kinachowatisha wengi ni matangazo. Katika sharika za KKKT, mzee wa kanisa husoma kwanza habari za wageni: kama wapo waliofika na cheti au hakuna. Cheti hicho hutolewa na usharika ulikotoka, nacho hueleza kuwa wewe ni Mkristo wao. Kukiomba kabla ya kuhama hukuondolea maelezo mengi. Katika AICT na makanisa ya Kipentekoste, wageni huombwa kusimama. Sema jina lako, unakotoka na unakoishi sasa, kisha keti. Hilo la mwisho, unakoishi, ndilo la muhimu kuliko yote, kwa kuwa kuna mtu kwenye benchi anayesikiliza mtaa wako.

Mara nyingine baada ya ibada kuna mnada nje ya mlango. Wasiokuwa na fedha wameleta mayai, mkungu wa ndizi au jogoo aliyefungwa miguu, na vitu hivyo vinauzwa ili fedha ziingie kwenye sadaka. Utaona mama akipandisha bei ya mkungu hadi mara mbili ya bei ya sokoni, alipe, halafu aseme, "Mpeni mgeni." Pokea kwa mikono miwili. Kukataa kwa adabu ya mjini kutamuumiza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa shirikisho lao, AMECEA, waliazimia kuwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa maisha ya parokia. Jumuiya ni nyumba chache zinazopakana, zinakutana kila wiki kwa zamu, aghalabu alfajiri au jioni, kusoma Injili, kuombea wagonjwa na kuchangia msiba. KKKT nao wana jumuiya zao, na makanisa mengine yana ibada za nyumbani zinazofanya kazi hiyohiyo. Ukitaka mtoto abatizwe au ndoa ifungwe parokiani, jambo la kwanza utakaloulizwa ni jumuiya yako, na mwenyekiti wake ndiye atakayekushuhudia. Ukiugua ghafla, hao ndio watakaofika hospitali ya Bugando na uji kabla ndugu zako hawajapata basi.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumuiya ndipo jembe linapotolewa: kuongoza wimbo, kutunza daftari la michango, kuipokea jumuiya nyumbani kwako wiki ya zamu yako hata kama una mkeka mmoja. Aliyepewa kazi hawi mgeni tena.

Kanisa lenyewe lilipita njia hiyo kandokando ya ziwa hili. Nenda Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alitumia alama za utemi wa Kisukuma katika kanisa la mviringo lililojengwa pale, na sherehe ya Bulabo, inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, huwakutanisha wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakishindana. Imani iliyokuja kutoka mbali ilikubali kuketi kwa namna ya wenyeji.

Kwa wenyeji nina ombi. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na hupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Asipoonekana Jumapili mbili, msimwandike kuwa amepoa. Ulizeni yuko mwalo gani, na jumuiya ikutane saa anayoweza kufika. Nawe uliyefika juzi, Jumapili hii usiondoke kabla hujamuuliza mzee wa kanisa au katekista maswali mawili: jumuiya ya mtaa wangu inakutana lini, na nyumbani kwa nani?