Vijana wa Arua na Koboko: Wamechoka Kubeba Viti



Katika kila mkutano wa kambi kuna kazi inayojulikana kuwa ni ya vijana: kubeba viti. Wanavitoa kanisani au shuleni, wanavipanga chini ya mwembe, wazee wanakaa, mkutano unaanza, na wao wanasimama nyuma. Mkutano ukiisha wanavirudisha. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya hao wanaosimama nyuma, kwa sababu hapa Arua na Koboko wameonyesha mara kadhaa kwamba wakitaka wanaweza kusema nani akae na nani ainuke.

Tuanze na Koboko, ndiyo jirani. Wengi mnalijua jina la Evelyn Anite. Alizaliwa mwaka 1984, akafanya kazi ya uandishi wa habari, na mwaka 2011, akiwa na miaka 26 tu, akaingia Bunge la Uganda kama mbunge wa vijana wa Kaskazini. Kiti hicho kinatoka wapi? Katiba ya 1995 iliweka nafasi za wawakilishi wa vijana Bungeni, nao ni 5 kwa nchi nzima. Katika wilaya na kata pia kuna madiwani wa vijana, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kijana kwa hesabu ya sheria ni mtu wa miaka 18 mpaka 30. Ukifika 31, bwana, wewe ni mzee, hata kama bado unalala kwa mama yako.

Lakini sikilizeni vizuri. Mbunge wa vijana hapigiwi kura na kila kijana. Anachaguliwa na wajumbe wanaotoka katika mabaraza ya vijana. Kijana anayeuza chapati pale stendi ya Koboko anaweza kuwa na mbunge wake miaka mitano bila kuulizwa hata siku moja kama anamtaka.

Februari 2014 wabunge wa chama cha NRM walikutana Kyankwanzi. Anite akapiga magoti mbele yao, akaomba Rais Museveni awe mgombea pekee wa chama katika uchaguzi wa 2016. Siku ile nchi nzima ilimjua. Kuna waliocheka, kuna waliosema huyu binti ana akili. Mwaka 2015 akateuliwa waziri mdogo wa vijana na watoto, na mwaka 2016 akashinda ubunge wa Manispaa ya Koboko, safari hii kwa kura za wananchi wenyewe.

Sasa ndiyo hapo. Septemba 2020, katika kura za ndani za NRM, watu wa Koboko walipanga mstari, na mstari mrefu ukawa nyuma ya Dkt. Charles Ayume, daktari, mtoto wa marehemu Francis Ayume aliyewahi kuwa Spika wa Bunge. Rais alimrudisha Anite kwenye uwaziri mwaka 2021, lakini kiti cha Koboko kilikuwa kimekwenda. Mimi sisemi nani alikuwa bora. Ninachosema ni kwamba cheo alichopewa na mkubwa kilibaki mkononi mwa mkubwa, na kile alichopewa na mstari kilichukuliwa na mstari.

Arua mambo yalikuwa mazito zaidi. Tarehe 8 Juni 2018 mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi. Uchaguzi wa kujaza nafasi yake ukapangwa tarehe 15 Agosti. Kassiano Wadri, mwanasiasa wa siku nyingi, akagombea bila chama, na mbunge Robert Kyagulanyi, yule mwanamuziki Bobi Wine, akaja kumpigia kampeni. Vijana wa mji wakamiminika barabarani. Tarehe 13, siku ya mwisho ya kampeni, ikawa vurugu. Serikali ilisema msafara wa Rais ulipigwa mawe. Dereva wa Bobi Wine, Yasin Kawuma, alipigwa risasi akafa mjini Arua. Watu 33 wakafunguliwa kesi ya uhaini kule Gulu, na Bobi Wine na Wadri mwenyewe walikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Siku mbili baadaye watu wa Arua wakaenda kupiga kura, mgombea wao akiwa kizuizini. Wadri alipata kura 6,421, na Nusura Tiperu wa NRM kura 4,798. Angalieni jambo hili: vijana hawakumpeleka kijana mwenzao Bungeni. Walimpeleka mzee waliyemtaka. Wazazi wanaodhani kijana akipata nguvu lazima awafukuze wazee wote, hapo wana jibu lao. Lakini tusisahau kwamba kuna mama aliyezika mtoto wake kwa sababu ya kampeni ile. Sifa za Arua 2018 zina damu ndani yake, na kijana anayezisimulia kijiweni azisimulie zote.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Julai, kulikuwa na uchaguzi mwingine ambao redio haziutaji sana: wenyeviti wa vijiji, LC1. Haukuwa umefanyika toka 2001. Miaka 17! Yaani kijana aliyezaliwa kijijini Koboko mwaka 1984 alifika miaka 34, ana mke na watoto, hajawahi hata mara moja kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake. Nao ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Ni kazi ngumu kwa kijana kusimama nyuma ya rafiki yake huku baba yake mzazi anamwangalia toka mstari wa pili. Kwenye karatasi unajificha. Kwenye mstari hata kuku wa jirani wanakuona.

Mtauliza, sisi wa Lobule na Rhino Camp inatuhusu nini? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatukataza kufanya siasa za Uganda, za chini na za juu. Kwa hiyo, vijana, msivae fulana za chama cha mtu, wala msikodishwe kupiga kelele kwenye mikutano yao. Hilo si mzaha. Lakini LC1 wa wenyeji ndiye tunayekaa naye tukigombana juu ya kuni, bomba na mbuzi walioingia shambani. Akiwa kijana au mzee, tutamkuta.

Na sisi tuna kura yetu: mabaraza ya wakimbizi, RWC, ngazi tatu, toka kijiji mpaka kambi nzima. Hapo tunachagua wenyewe. Na hapo ndipo ugonjwa wa kubeba viti uko palepale. Kijana akitajwa, watu wanasema haraka, “Huyo awe wa vijana.” Anapewa mpira na filimbi. Mambo ya chakula, ya maji, ya orodha ya majina, hayo yanabaki mezani kwa wakubwa.

Katika blok moja niliyohudhuria uchaguzi, dada mmoja wa miaka 22 alitajwa kwa uenyekiti. Ndiye anayewasomea kina mama barua za ofisi na kuwaandikia malalamiko. Mzee mmoja akasimama, “Binti yangu, tunakupenda, chukua ukatibu wa vijana.” Akajibu kwa heshima, “Mzee wangu, asante. Vijana wana shida ya maji kama ninyi. Naomba niachwe nilipotajwa.” Kimya kikaingia. Kisha mama mmoja, mtoto mgongoni, akatoka kwa mumewe akaenda kusimama nyuma yake. Mwingine akafuata.

Alishindwa kwa watu saba. Ukatibu wa vijana waliomrudishia hakuuchukua. Barua za kina mama anaendelea kuzisoma kila Jumatano, na mwenyekiti aliyeshinda anamwita akija mgeni wa ofisi. Nilimwuliza kama amekata tamaa. Akasema amekwisha kuhesabu nani walikuwa kwenye foleni ya maji siku ile, ambao hawakufika mkutanoni. Walikuwa kumi na wawili.